Mawe Saba na Sakafu Nyekundu

Kijiji cha Namkonda hakikuwahi kuwa na zahanati, lakini mawe ya msingi ya zahanati kilikuwa nayo saba, yote mazima, yamejipanga kiwanjani kama meno ya mtu mwenye afya. La kwanza liliwekwa na bwana mkubwa wa Kiingereza aliyevaa kaptura. La saba liliwekwa mwaka 2029 na mheshimiwa aliyekuja na droni mbili, moja ya kumpiga picha yeye, nyingine ya kuipiga picha ile ya kwanza. Hapo katikati kila zama zilileta jiwe lake, mgeni rasmi wake na pilau lake. Mgonjwa akizidiwa alibebwa kwenda Mkongoro, kilomita thelathini, na njia ilimpitisha mbele ya mawe yote saba, ili angalau ajue kwamba anafikiriwa.

Asubuhi ile ya mwaka 2073, Tume ya Marejesho ilipofika, Bi Somoe Nantanga alikuwa ameshakaa. Miaka themanini na mitano ya kuhudhuria sherehe ilimfundisha kwamba anayechelewa hukaa juani. Alivaa doti mpya ya khanga, akajitwalia kiti cha plastiki cha mbele kabisa, na pembeni akaweka chupa yake ya chai, maana serikali haiaminiki kwa vitu vidogo.

"Shikamoo, bibi," alisema afisa wa Tume. Alikuwa binti mrefu mwenye miwani, Nyamizi Kasanda jina lake, na viatu vyake vilionyesha havijawahi kukutana na mchanga.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mgeni rasmi anafika saa ngapi?"

"Leo hakuna mgeni rasmi, bibi."

"Hakuna! Na pilau?"

"Hakuna."

"Sasa huo msingi mnauweka na njaa?"

"Hatuweki kitu, bibi. Tunasikiliza yaliyokwisha kuwekwa."

Bi Somoe alilijua hilo fika. Barua ya Tume alikuwa nayo kifuani, imekunjwa mara nne. Lakini alipenda sana kumwona msomi akieleza, na Nyamizi, masikini, akaeleza.

Saruji ikishachanganywa na maji, alisema, haikauki tu kama nguo kambani. Ndani yake huota vitu vyembamba kama miiba, maelfu kwa maelfu, vinashikana vikaifanya ngumu. Miiba hiyo huota kwa saa kumi hivi, na muda wote huo kila sauti iliyo karibu huitikisa, nayo huganda na mtikisiko wake. Aliyeimba, aliyekohoa, aliyenong'ona, wote wamo. Mwalimu mmoja wa kemia aliligundua jambo hilo akitafuta kitu kingine kabisa. Siku hizi Tume ilikuwa na sindano ya almasi inayopita juu ya saruji kuukuu na kuisoma. Kasoro yake moja: sindano husoma kwa kusaga. Ikipita, saruji inabaki unga. Neno husikika mara moja tu, halafu limekwenda.

"Na mashine inajua nani anasema?" aliuliza mzee mmoja nyuma.

"Mashine haitaji mtu," alisema Nyamizi. "Zamani tuliiruhusu. Ikamtaja marehemu askofu mmoja kuwa mwizi wa ng'ombe, kisa yeye na mwizi walikuwa na mafua ya aina moja. Sasa sheria inasema sauti itajwe na mtu aliye hai, aliyewahi kula na mwenye sauti sahani moja. Ndiyo maana tumemwita Bi Somoe."

Watu wakageuka kumtazama. Bi Somoe akanyoosha khanga yake, maana alikula na watu wengi.

*

Jiwe la kwanza liliwachekesha. Bwana wa kaptura alisema kwa Kiingereza maneno marefu, mazito, yenye kupanda na kushuka, kisha mkalimani akatafsiri: "Bwana anasema, kesho mlete kuku." Bwana akaendelea tena kwa muda, sauti imejaa huruma. Mkalimani: "Majogoo, si matetea." Kiwanja kizima kikaangua kicheko, miaka zaidi ya mia moja baada ya kuku wenyewe kuliwa. Hakukuwa na aliyekula na mkalimani yule, basi Nyamizi alifunga faili.

Kwenye jiwe la tatu Bi Somoe hakucheka. Lilikuwa la mwaka 1996. Sindano ilinguruma kidogo, vumbi jembamba likaruka, kisha zikatoka sauti za watoto, wengi, wamebanana, wakimwimbia mgeni rasmi kwamba wamefurahi leo. Juu ya wote kulikuwa na sauti moja kali, imepanda mno, inaipeleka kwaya yote msituni.

"Huyo anayeharibu," alisema Bi Somoe, "ni mimi."

Alikuwa na miaka minane. Walisimama tangu saa mbili asubuhi, sare zimepigwa pasi ya mkaa, miguu imepakwa mafuta ya nazi mpaka inang'aa, wakamngoja mgeni rasmi hadi saa tisa alasiri. Wawili walizimia, wakamwagiwa maji, wakarudishwa mstarini. Na walipogawiwa soda, chupa moja watoto watatu, Bi Somoe alipiga funda lake akaliweka mdomoni mpaka likapata joto na kupoteza gesi, ili tu lisiishe. Siku ile ilikuwa tamu. Hakuna aliyeweza kumwambia haikuwa tamu.

Chini ya makofi, jiwe lile lile likatoa mnong'ono wa wanaume wawili wakipatana kwamba mabati mia mbili yameletwa, na hamsini yaandikwe yameota kutu.

"Wa pili ni mwalimu mkuu wetu," alisema Bi Somoe. "Nilikula kwake mihogo kila Jumamosi. Tulikuwa tunamlimia shamba, somo likiitwa Kilimo."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda mpaka jiwe la sita. Hapo vicheko vikapungua, maana jiwe la sita lilikuwa na mtu aliye hai aliyehusika, na mtu huyo alikuwa amekaa mstari wa pili.

Jina lake Fatu binti Likwata, miaka sabini na mitatu. Mwaka 2012, jiwe hilo lilipowekwa, baba yake alikuwa mtunza stoo ya kata. Saruji ya zahanati ilipotoweka, Mzee Likwata ndiye aliyekuwa na funguo, na ndiye aliyefungwa miaka mitatu. Alirudi amekonda, hakukaa sana, akafa. Yaliyotendwa na wafu, Sheria ya Marejesho inasema, hulipwa na mali waliyoiacha: kilicholiwa kijengwe kwa mali ya mlaji, hata ikiwa mikononi mwa mjukuu. Mlaji aliye hai hujibu mwenyewe mbele ya Baraza. Na kwa kuwa faili la mwaka 2012 lilikuwa na jina moja tu, mikorosho arobaini ya Fatu, aliyoachiwa na baba yake, ingetwaliwa siku ya Ijumaa. Hakuwa na kingine cha kula.

Sindano ikashuka. Ikatoka risala, ndefu, yenye "mheshimiwa mgeni rasmi" kila baada ya pumzi. Vikatoka vigelegele, na kimoja Bi Somoe alikitambua kuwa chake, cha enzi alipokuwa bado na meno yote. Kisha, karibu kabisa na jiwe, sauti ya mwiko ukilainisha lipu: shwa, shwa, shwa. Ulikuwa mkono wa mwashi wa kata, Fundi Mnali, mume wake. Alikuwa kimya. Mnali hakuwa msemaji kazini, sherehe ikiwepo. Kisha mvua ikaanza kunyesha ndani ya jiwe, ikanyesha mpaka mwisho.

Nyamizi alizima mashine.

"Hakuna kitu," alisema polepole. "Bibi, juma lile kuna saruji nyingine yoyote iliyomwagwa hapa kijijini? Msingi, karo, kaburi, chochote?"

Fatu alimtazama Bi Somoe, kama walivyomtazama wote.

"Mjukuu wangu," alisema Bi Somoe, "mwaka ule Namkonda yote ilikuwa udongo. Hata sisi wenyewe."

Watu wakacheka, na Nyamizi akaandika kwamba hakuna.

*

Nyumba ya Bi Somoe ilikuwa na sakafu nyekundu.

Ilimwagwa siku mbili baada ya jiwe la sita. Ilikuwa ya kwanza kwa mtu wa kawaida kijijini, na wanawake walivua ndala mlangoni kabla hawajaambiwa. Kwa miaka sitini na mmoja Bi Somoe aliipaka dawa nyekundu na kuisugua kwa kumbi la nazi, akiwa amepiga magoti, mpaka magoti yalipogoma. Mnali alifia juu ya sakafu ile, kwenye mkeka, miaka ishirini na saba iliyopita, akilalamika kwamba pembe ya dirishani ina kibonde na hakuwahi kuirekebisha.

Bi Somoe hakuwa na sauti ya Mnali mahali popote. Zama zile watu walizibeba simu mkononi wakadhani kila kitu kimo humo. Simu zikafa na waliokuwemo. Kilichobaki ni sakafu. Na tangu barua ya Tume ilipofika na kueleza habari za sindano, Bi Somoe alikuwa akiikanyaga kwa adabu. Siku ya kuimwaga Mnali aliimba asubuhi nzima. Aliimba vibaya, akaruka beti, akayasahau maneno akajaza ya kwake. Yote hayo yalikuwa chini ya nyayo zake, mazima, yakingoja mara yao moja.

Lakini si Mnali peke yake aliyekuwemo. Mtendaji wa kata, Bwana Ndembo, alikuja saa nne kuitazama kazi. Bi Somoe alikuwa jikoni akichemsha chai. Alisikia kidogo, akasikia Likwata akitajwa, na mifuko kumi na miwili. Hakuuliza. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa anapata sakafu.

Alasiri ile Fatu aliingia bila hodi. Ukoo wa Nantanga na ukoo wa Likwata ni watani tangu kwa mababu, na mtani haingii nyumbani kwa mtani kama mgeni. Anaingia kama mwenye deni lake. Fatu akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akasonya.

"Kisamvu tena? Ndiyo maana mumeo alikufa mapema, alikuwa anakimbia kisamvu."

"Alikufa na miaka sitini na nane, mbwa wewe, na alikula sahani mbili siku hiyo hiyo. Weka mfuniko, mtoto wa mwizi wa saruji."

Lilimtoka. Lilimtoka kama lilivyomtoka maelfu ya mara, misibani, harusini, kisimani, na kila mara Fatu alicheka, kwa kuwa utani ndivyo unavyotaka: ukichekwa unacheka, anayenuna amejivunjia ukoo heshima. Na leo pia Fatu alicheka. Alicheka, akajifuta macho kwa pindo la khanga, akaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha.

Alikaa chini katikati ya sakafu, akanyoosha miguu.

"Ijumaa wakishaichukua mikorosho nahamia hapa," alisema. "Nimeshachagua. Nitalala hapa katikati, pamelainika. Wewe utalala kule dirishani kwenye kibonde."

"Utalala nje na mbuzi."

"Mbuzi wanakoroma kidogo kuliko wewe." Fatu alipitisha kiganja juu ya sakafu, akakigeuza kutazama kama kimepata wekundu. "Unajua, nilipokuwa darasa la sita, baba alipochukuliwa, walimu waliniambia nikae nyuma. Hawakunifukuza. Ila chaki zikipotea nilisimamishwa kwanza mimi. Mimi nikajifunza kucheka. Bi Somoe, nimecheka sana. Nimechoka."

Hakulisema kiutani. Bi Somoe alimpakulia kisamvu. Fatu akakila chote, akakisema vibaya mpaka mwisho, akaenda zake.

Bi Somoe alibaki amekaa kitandani, miguu inaning'inia. Alimwaza Mnali na kofia yake ya karatasi ya saruji. Alimwaza akiinuka na kujinyoosha mgongo, akisema, "Haya mke wangu, sasa na sisi ni watu." Akiitoa sakafu, Fatu atabaki na shamba. Lakini Mnali atasikika mara moja, kisha hatasikika tena mpaka Kiyama, na mara hiyo moja kijiji kizima kitamsikia akiwa mwizi. Nyumba nayo itakwenda. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Shahidi ni yeye mwenyewe, na yeye, kwa umri wake, anaruhusiwa kusahau.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa hili: hakuwa amesahau chochote. Alikumbuka hata rangi ya vikombe.

*

Asubuhi iliyofuata, Nyamizi alikuwa akipakia vifaa alipomwona bibi yule amesimama na bakora yake.

"Mjukuu wangu, jana nilikudanganya."

"Kuhusu nini, bibi?"

"Kwanza kuhusu udongo. Mengine tutayasikia huko huko. Njoo na sindano yako, lakini viatu utavua mlangoni."

Kabla ya saa tatu nyumba ilikuwa imejaa, na waliokosa nafasi walijazana madirishani. Fatu alikuwa amekaa mkekani, hajui ameitiwa nini, na kwa mara ya kwanza maishani hakugusa sufuria. Nyamizi alieleza tena, safari hii kwa Bi Somoe peke yake, amechuchumaa mbele yake, kwamba sakafu itasagika, kwamba haitarudi.

"Nimesikia. Anzia pale mlangoni. Mwashi huanzia mbali akarudi kinyumenyume."

"Hapana bibi, akianzia mbali anamalizia mlangoni."

Bi Somoe akamtazama kwa heshima mpya. "Haya. Anzia dirishani basi."

Sindano ikagusa wekundu. Ikanguruma, ukungu wa vumbi jekundu na la kijivu ukainuka, na Mnali akaanza kuimba.

Bi Somoe hakuwa amejiandaa. Alidhani amejiandaa. Sauti ilikuwa changa kuliko alivyoikumbuka, kwa kuwa aliyekuwa akimkumbuka ni mzee, na huyu alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, amejaa pumzi. Alikosea ubeti wa pili. Akaujaza na jina la Somoe, Somoe wangu, Somoe wa sakafu, halafu akakohoa, mwiko ukapita, shwa, shwa. Mwanamke mmoja dirishani alianza kulia bila hata kumjua. Bi Somoe alikuwa ameinama mbele, kiganja sikioni, anatabasamu kama mtu anayesomewa barua.

Ikapita nusu saa ya wimbo. Kisha: "Hodi humu! Fundi, imetosha?"

"Imetosha, mheshimiwa. Mifuko kumi na miwili."

Nyamizi aliinua kidole. Bi Somoe, bila kuondoa kiganja sikioni, alisema, "Wa kwanza Ndembo, mtendaji wa kata. Alikula hapa hapa. Wa pili ni Fundi Mnali Hokororo, mume wangu wa ndoa."

"Lakini mheshimiwa," sauti ya Mnali iliendelea, chini zaidi, "Likwata aliniona nikitoka stoo."

"Likwata ana funguo. Mwenye funguo ndiye atakayeulizwa. Wewe umefungua nini?"

"Ana mtoto shule."

"Nani hana?"

Mwiko ukasimama. Fatu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa," alisema Mnali, "mimi naona niirudishe. Sijaimaliza, nusu bado ni mbichi, na mifuko mitano sijaifungua. Naweza kusema nilikosea hesabu."

Bi Somoe aliondoa kiganja sikioni.

Hilo hakulikumbuka. Alitafuta kichwani, haraka, kama mtu anayepapasa mfukoni, na hakulikuta. Alikuwa jikoni. Alikuwa anachemsha chai. Alisikia kidogo tu.

Ndani ya sakafu kulitoka mlio wa vikombe kwenye sinia, na nyayo tupu, nyepesi.

"Uirudishe wapi?" ilisema sauti ya mwanamke. Ilikuwa tamu na ya mzaha, na ilikuwa karibu sana, kama aliyekuwa amesimama palepale mlangoni muda wote. "Usimsikilize, mheshimiwa, huyu ana aibu ya kikwao. Karibu chai. Tena nilitaka kuuliza, na jikoni je? Watu watasema nini, sebule ya mjini na jiko la porini?"

Ndembo akacheka sana. "Huyu ndiye mwenye akili humu! Kesho fundi achukue mingine minne."

"Mungu akuongezee, mheshimiwa."

"Na Likwata?" alisema Mnali.

"Likwata hana mke wa kumshauri," ilisema sauti ya mwanamke. "Kunywa chai, inapoa."

Nyamizi alibonyeza kitu, sindano ikatulia. Vumbi likatua mabegani mwa watu. Hakuna aliyemtazama Bi Somoe, wote walitazama chini, na chini hakukuwa tena na kitu cha kutazama ila unga.

"Bi Somoe," alisema Nyamizi. "Sheria inanitaka niulize. Sauti ya tatu ni ya nani?"

"Ikiwa haitambuliwi," aliongeza yule binti, polepole sana, akitazama kalamu yake, "nitaandika haitambuliwi. Mbili zinatosha. Shamba la Bi Fatu limekwisha kupona."

Hapo Fatu akajikohoza. "Mimi sijawahi kuisikia," alisema. "Wanawake wa zamani wote walisema vile vile, kama kuku. Nani atajua yupi ni yupi? Andika haitambuliwi, binti."

Bi Somoe akamtazama mtani wake. Fatu hakuwa anatania, wala hakuwa amesamehe. Uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango. Alikuwa anatoa kitu, na kilikuwa kinamuuma kukitoa.

Ingekuwa rahisi. Angerudi kukaa na kumbukumbu yake, Mnali na kofia ya karatasi, yeye jikoni, chai, vikombe vya maua. Siku ile ingebaki tamu.

"Nimekula naye sahani moja kila siku ya maisha yangu," alisema Bi Somoe. "Anapenda kisamvu. Andika Somoe binti Nantanga. Yu hai. Na chini yake andika kwamba fundi alitaka kuirudisha, liandike vizuri, kwa wino, lionekane."

Nyamizi aliandika. Mkono wake haukuwa na haraka.

Fatu aliinuka, akajikung'uta vumbi jekundu, akasimama mbele ya Bi Somoe. Alipita katikati ya watu, akatoka, na kupitia dirishani walimwona akienda moja kwa moja, haangalii nyuma, kuelekea kwenye mikorosho ya baba yake.

"Nimalize, bibi?" aliuliza Nyamizi. "Imebaki sehemu ya mlangoni. Kisheria si lazima. Naweza kuiacha kama ilivyo."

"Malizia."

Sindano ikashuka. Vikombe vililia, mtu akapuliza chai, mwiko ukaanza tena, polepole, na hakukuwa na wimbo. Mnali hakuimba tena siku ile. Bi Somoe aliusubiri wimbo mpaka karibu na kizingiti. Kilichokuja ni yule msichana, peke yake sasa, mgeni ameshaondoka, anapiga hatua za kucheza pembezoni mwa saruji mbichi ili asiikanyage, anacheka kwa furaha, anamwambia mumewe atazame, atazame jinsi inavyong'aa. Bi Somoe alimsikiliza akicheka. Alitamani sana kumwita. Sindano ikaendelea mbele, na nyuma yake kicheko kikawa unga.